Kaya ya watu sita Tabata: gesi, induksheni na zile uniti 75 za LUKU

Kaya tunayoichambua ni ya kawaida kabisa. Wamepanga ghorofa ya pili Tabata, Dar es Salaam: baba, mama, watoto watatu na bibi. Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya kwao peke yao. Wanapikia jiko la gesi la pleti mbili lenye mtungi wa kilo 15, na mtungi huo unaisha kwa mwezi hivi. Wanaletewa mlangoni kwa shilingi 56,000. Umeme wanatumia uniti 58 kwa mwezi: friji ndogo, TV, feni mbili, taa, pasi ya Jumapili. Wamesikia kwamba induksheni, jiko la umeme lenye kioo juu, inapika haraka na kwa bei nafuu kuliko gesi, na wanataka kujua kama waachane na mtungi moja kwa moja.

Walichosikia si uongo, ila hesabu waliyopewa ni ya mita ya mtu mwingine.

Tuanze na moto wenyewe. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina nishati ya kilowati-saa 12.8 hivi, na uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja. Kwa hiyo kilo ya gesi ni kama uniti 12.8, lakini si moto wote unaoingia kwenye sufuria. Mwali wa gesi hupasha sufuria, hupasha hewa ya jikoni, hupasha mpishi. Kwenye jiko la nyumbani lililochoka kidogo, asilimia 45 ndiyo huingia kwenye chakula. Induksheni haina mwali: koili iliyo chini ya kioo huzalisha uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na chuma cha kitako cha sufuria ndicho kinachochemka chenyewe. Hapo asilimia 85 huingia chakulani.

Chukua lita 5 za maji ya bomba yenye nyuzi 27, uyafikishe kwenye mchemko. Yanahitaji kilowati-saa 0.42. Kwa induksheni utalipa uniti 0.5, kwa gesi utachoma gramu 74 hivi. Kwa bei ya mtungi wao, kilo moja ni shilingi 3,733, kwa hiyo maji hayo ni shilingi 275 kwa gesi. Kwa umeme inategemea uko kundi gani la bei, na hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Kundi la matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inakuwa 122. Kundi la matumizi ya kawaida, T1, hulipa 292, na pamoja na tozo hizo ni 356. Kama hujui uko wapi, nunua umeme wa shilingi 1,000 siku ambayo huna makato ya kodi ya jengo: ukipata uniti 8.2 uko D1, ukipata 2.8 uko T1. Maji yetu ya lita 5 yanagharimu shilingi 61 kwa D1 na 178 kwa T1. Ukiishia hapo, induksheni imeshinda kwenye makundi yote mawili na mchambuzi anaenda kulala.

Lakini kaya hii haichemshi maji tu. Kilo 15 za gesi kwa asilimia 45 ni kilowati-saa 86 za moto uliofika chakulani. Induksheni ingezitoa kwa uniti 102. Ongeza 58 za sasa, wanafika 160. D1 haiwezi kubeba hilo: ukivuka 75, kila uniti ya juu ni shilingi 350 kabla ya tozo, yaani 427, na ukivuka mara kwa mara unahamishiwa T1. Ukihamishwa, si umeme wa jiko peke yake unaopanda bei; friji, feni, TV na taa navyo vinatoka shilingi 122 kwenda 356.

Sasa pigeni hesabu. Leo umeme wao ni 58 × 122, yaani shilingi 7,076. Wakipikia induksheni yote ni 160 × 356, yaani 56,960. Ongezeko ni shilingi 49,884. Gesi waliyoacha kununua ni 56,000. Faida ni shilingi 6,116 kwa mwezi, na hapo hatujanunua jiko wala sufuria. Wakitenga shilingi 300,000 kwa majiko mawili ya pleti moja na sufuria tatu zinazokubali, fedha hiyo inarudi baada ya miezi 49. Majiko mengi ya bei rahisi hayafiki huko.

Kampeni ya nishati safi ya kupikia, yenye mkakati wa kitaifa wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, huitaja gesi na umeme kwa pumzi moja. Kwa afya ya mpishi aliyezoea moshi wa mkaa, sawa. Kwa mfuko wa kaya iliyo D1, ni mambo mawili tofauti.

Sufuria kwanza

Hata bei ingekuwa rafiki, kabati la jikoni lingekataa. Sufuria zao karibu zote ni za alumini, zile za kawaida zisizo na mikono. Alumini haina sumaku na inapitisha umeme vizuri mno. Koili haipati ukinzani wa kutengeneza joto, na jiko likiona hivyo hulia na kuzima. Kipimo ni sumaku. Iweke chini ya kitako: ikishika kwa nguvu, inafaa, ikishika kwa kusitasita, itapika kwa nusu nguvu na jiko litakuwa likilia, ikianguka, basi. Usidanganywe na kung'aa kwa stili. Stili nyingi nzuri hazishiki sumaku mpaka ziwe zimebandikwa sahani ya chuma chini.

Kuna wanaouza sahani ya chuma ya kuweka kati ya jiko na sufuria ya alumini. Inafanya kazi, ila umegeuza induksheni kuwa jiko la koili la kawaida: sahani inachemka, kioo kinachemka, na ile asilimia 85 uliyoilipia imepotea.

Angalia pia upana. Koili ya jiko la pleti moja huwa na kipenyo cha sentimita 18 hadi 20. Sufuria ya pilau ya sentimita 34 itaungua katikati huku pembeni mchele ukibaki na kiini. Vitu vya kitako cha duara, kama karai la maandazi, havigusi kioo sawasawa na vingi havitambuliwi kabisa.

Ugali, wali, chapati

Ugali ndio mtihani wa jiko lolote hapa. Kusonga ugali wa watu sita kunahitaji nguvu ya bega na sufuria iliyotulia. Kwenye jiko la gesi sufuria inakaa kwenye miguu ya chuma na mpishi anaishika kwa kitambaa au kwa vyuma viwili. Kwenye kioo inateleza. Ukiinyanyua kidogo ili uigeuze, jiko halioni sufuria na linakata moto. Majiko mengi husubiri sekunde chache kisha hulia. Na ukikandamiza mwiko kwa nguvu ukutani mwa sufuria huku upande mmoja umeinuka, uzito wote unatua kwenye ukingo mdogo wa kitako, juu ya kioo. Hivyo ndivyo vioo vingi hupasuka. Joto peke yake ni nadra kukipasua. Anayetaka kusongea induksheni atafute sufuria nzito ya mikono miwili, na ugali ukishakaza auteremshe mezani amalizie kusonga hapo.

Wali wa nazi una tatizo jingine. Majiko ya bei nafuu hayawezi kushuka chini ya wati 1,000 hivi kwa mfululizo. Ukichagua 300, kinachofanyika ni wati 1,000 kwa sekunde kadhaa, kisha sifuri, kisha 1,000 tena. Utasikia feni na mlio mdogo vikipokezana. Sufuria nyembamba inafuata kila pigo: tui linakatika, chini panakuwa ukoko mweusi, juu bado maji. Kitako kinene cha milimita 5 au zaidi hulainisha mapigo hayo. Jiko lenye moto mdogo usiokatika lipo ila ni ghali zaidi. Dukani lipime kwa maji yaliyoanza kuchemka. Weka moto wa chini kabisa: viputo vikija na kutoweka kwa zamu, umeshajua.

Chapati, kinyume na wanavyodhani wengi, hutoka vizuri. Kikaango cha chuma kizito kinashika sumaku barabara. Kipashe kwa dakika 5 kwenye moto mdogo kabla ya kupandisha hadi wati 1,200 au 1,400. Ukianza na 2,000 kikiwa baridi, katikati kunatanuka kuliko pembeni na chuma cha kumiminwa kinaweza kupata ufa. Zungusha chapati, maana ukingo wake uko nje ya koili.

Ukuta wa jikoni

Jiko la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 kwa volti 230. Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 inalibeba. Jiko la pleti mbili la wati 3,500 huvuta ampea 15.2, na plagi ya ampea 13 mwisho wake ni wati 2,990. Ukilikuta linauzwa na plagi hiyo, ama lina kifaa cha kugawa nguvu kati ya pleti mbili, ama litakula fyuzi. Na fundi wa mtaani atakayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi anawasha nyumba. Jiko la namna hiyo linataka laini yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 4 au 6, swichi yake ukutani na ethi iliyopimwa.

Nyumba hii ina soketi moja ya matundu mawili jikoni, kwenye laini ya waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20 inayolisha pia friji na sebule. Induksheni moja, birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja ni ampea 22.6. Hizo zinapita uwezo wa breka. Ikikata, hiyo ndiyo kazi yake. Msibadilishe breka kuwa ya 32. Waya ni ule ule, kinachobadilika ni kwamba sasa ukutani ndimo mtakamopikia.

Ekstensheni hapana. Kama hakuna njia, basi iwe ya waya mnene, fupi, haijakunjwa, na haibebi kitu kingine. Baada ya dakika 20 za kupika, shika plagi: uvuguvugu ni sawa, ikiwa ya kukutoa mkono soketi imelegea na inabadilishwa siku hiyo hiyo. Soketi ya bei rahisi huanza kwa kubadilika rangi kuwa kahawia pembeni mwa tundu la kulia au la kushoto, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya harufu.

Jioni mtaa mzima ukiwasha, umeme hushuka. Induksheni nyingi hukataa kazi volti zikiteremka sana na kuonyesha herufi E na namba. Maana yake imo kwenye kijitabu cha jiko husika, maana kila mtengenezaji ana orodha yake. Kifaa cha kulinda friji au TV hakifai hapa, kimetengenezwa kwa ampea chache na kitayeyuka. Stabilaiza ya kweli kwa jiko la wati 2,000 ni ya kVA 3, na bei yake inaweza kupita ya jiko.

Kinachoua majiko haya Dar ni mambo matatu: mafuta na vumbi kwenye feni, mende, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Mende hupenda joto la bodi. Akipita kati ya njia mbili za umeme mkubwa anaondoka na transista ya nguvu na fyuzi. Fundi mzuri haweki transista mpya na kuchomeka ukutani moja kwa moja. Anaunga balbu ya wati 100 ya nyuzi kwenye laini moja kwanza: ikiwaka kwa ukali na kubaki hivyo, bado kuna shoti, na ameokoa kipuri. Fundi asiye na balbu hiyo atakulipisha transista mbili. Ninyi upande wenu acheni nafasi ya sentimita 10 nyuma ya jiko, msiliweke juu ya jiko la gesi au meza ya chuma, na umeme ukikatika lichomoeni.

Gesi waliyonayo inavuja fedha wapi

Kabla ya kununua chochote, jiko la zamani liangaliwe. Mwali wa njano unaopaka masizi chini ya sufuria ni dalili kwamba hewa haichanganyiki vizuri: matundu ya bana (kile kichwa kinachotoa mwali) yameziba kwa uji au tui, au mlango wa hewa chini umejaa uchafu. Vueni vifuniko vya bana, viloweke kwenye maji ya moto na sabuni, toboeni kila tundu kwa sindano, vikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Sufuria ndogo isiwekwe kwenye bana kubwa. Mwali ukipanda ukutani mwa sufuria unapasha dari. Mfuniko juu. Dirisha libaki wazi kwa ajili ya hewa, ila jiko lisogezwe upepo usipige mwali. Mambo haya yakitoa jiko kwenye asilimia 45 hadi 55, kazi ya kilo 15 inafanywa na kilo 12.3. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwezi, zaidi ya ile 6,116 ya kuhamia induksheni, na gharama yake ni sindano na sabuni.

Mtungi upimwe unapoletwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye kola. Ongeza 15, mizani lazima isome hapo. Mpira wa gesi usizidi mita 1.5, uwe na klipu ncha zote mbili, ubadilishwe ukianza kukauka au kupata nyufa. Kila mtungi ukibadilishwa, pakeni povu la sabuni kwenye regyuleta na viungo. Povu likivimba, fungeni. Kiberiti si kipimo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu funga valvu, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima.

Maharage ndiyo yanayokula mtungi

Kaya inapika maharage mara tatu kwa wiki, kilo moja kila mara, bila kuloweka. Kuyafikisha kwenye mchemko na kuyaacha saa mbili kwenye moto mdogo huchoma gramu 170 za gesi, yaani shilingi 635 kila sufuria. Kwa mwezi ni mara 13: kilo 2.2, shilingi 8,250. Induksheni ingepunguza, lakini bado sufuria wazi inapoteza mvuke saa mbili nzima.

Presha kuka ya umeme ya lita 6 na wati 1,000 huyapika kwa uniti 0.4 hivi, maana imefunikwa, ina kuta zilizozuiwa joto, na ikishafika presha hukata umeme na kuwasha kidogo kidogo. Mara 13 ni uniti 5.2. Kwa D1 hiyo ni shilingi 634: maharage ya mwezi mzima kwa bei ya sufuria moja ya gesi. Matumizi yanapanda kutoka 58 hadi 63, chini ya 75, na bado kuna nafasi ya feni za Februari. Ampea zake ni 4.3, soketi ile ile inaibeba. Msijaze zaidi ya nusu kwa maharage, yanavimba na ngozi zake huziba valvu. Na mpira wa mfuniko uoshwe kila mara, ukishika harufu ya vitunguu hautoi tena.

Uamuzi wetu kwa kaya hii ni huu: wabaki na gesi kwa ugali, wali, mboga na chapati, wasafishe bana, wanunue presha kuka, induksheni waiache. Gesi inashuka hadi kilo 10.5 hivi kwa mwezi, mtungi unafika siku 43 badala ya 30, na baada ya kulipa umeme wa presha wanabaki na karibu shilingi 16,000 kila mwezi. Umeme ukikatika wiki nzima, wanakula.

Jibu linageuka kabisa kama mita tayari ni T1, iwe kwa sababu ya kiyoyozi, pampu ya maji au wapangaji watatu kwenye LUKU moja. Hapo hakuna kundi la kupoteza: uniti 102 ni shilingi 36,312 dhidi ya 56,000, tofauti 19,688 kwa mwezi, na laki tatu za vifaa zinarudi kwa miezi 15. Kama nyumba ni yako na unaweza kuvuta laini mpya ya jiko, nunua, lakini anza na pleti moja ya chai, mboga na supu kwa miezi miwili kabla ya ile ya pili, na mtungi wa kilo 6 ubaki kwenye kona. Kwa kilo ni ghali kuliko wa 15, lakini ugali wa Jumapili na siku za mgao zinautosha.

Na kwa mpangaji wa LUKU ya pamoja: kabla ya kuwasha induksheni zungumza na wenzako, maana mgawanyo wa bili kwa vichwa hautaishi wiki mbili. Mita ndogo ya kuhesabia, ya kuchomeka kwenye soketi, itaonyesha uniti za jiko lako peke yake. Andika namba yake kila tarehe 1 mbele ya wenzako.